Maji ya nyuzi 80 na maji ya nyuzi 20: chembe zinapishana kasi kiasi gani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Kitabu chetu kinasema jotoridi likipanda, chembe za maada zinakwenda kasi zaidi. Darasani tulitia punje ya pamanganeti ya potasiamu katika bika mbili, moja ya maji ya nyuzi 20 na nyingine ya nyuzi 80. Kwenye maji ya moto rangi ya zambarau ilijaa bika nzima wakati ile ya baridi ndiyo kwanza inaanza. Kwa kuwa 80 ni mara nne ya 20, je, ni sahihi kuandika kwamba chembe za maji ya moto zinakwenda kasi mara nne ya zile za maji ya baridi? Na tukishuka mpaka nyuzi sifuri, zinasimama?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate: hapana. Si mara nne, wala si mara mbili. Molekuli za maji katika bika yenu ya baridi zilikuwa zikienda kwa kasi ya karibu mita 640 kwa sekunde, na zile za bika ya moto karibu mita 700. Zimepishana kwa asilimia 10 hivi, basi.

Najua jibu hilo linakera, kwa sababu macho yenu yameona tofauti kubwa kuliko hiyo, na macho hayakudanganya. Iliyokosea ni hesabu iliyounganisha mlichokiona na kile kinachosemwa na kitabu. Kwa hiyo nitagusa kwanza ile asilimia 10 imetoka wapi, kisha nitakaa kirefu zaidi kwenye jambo ambalo vitabu vya shule hulipita mbiombio, yaani jinsi ongezeko dogo la kasi linavyozaa mabadiliko makubwa.

Kosa la kwanza ni kugawa 80 kwa 20. Sifuri ya kipimo cha selsiasi iliwekwa pale barafu inapoyeyuka kwa sababu ni mahali rahisi kupapata, haina maana kwamba hapo chembe zimeishiwa mwendo. Ni kama kupima urefu wa watu kuanzia kiunoni halafu kudai kwamba fulani ni mara nne ya mwenzake. Ukitaka kulinganisha kwa mara ngapi, lazima uhesabu kuanzia mahali ambapo sifuri ni sifuri kweli, na mahali hapo ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya selsiasi. Kipimo kinachoanzia hapo ni kelvini. Bika yenu ya baridi ilikuwa na kelvini 293, ya moto kelvini 353. Gawa sasa: unapata 1.2. Kwa hiyo kile kinachopimwa na jotoridi kilikuwa kimeongezeka kwa sehemu moja tu ya tano.

Na kinachopimwa ni kitu gani? Kitabu chako kinasema kasi, na kwa mwanafunzi anayeanza si vibaya, lakini kwa hesabu uliyoitaka wewe hakitoshi. Jotoridi linakwenda sambamba na wastani wa nishati mwendo ya chembe moja moja. Kelvini zikiongezeka mara mbili, wastani huo unaongezeka mara mbili. Kelvini zikiongezeka mara 1.2, nao vilevile. Lakini nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi, kwa hiyo ukitaka kasi inakubidi utafute kipeuo cha pili. Kipeuo cha pili cha 1.2 ni karibu 1.1. Hapo ndipo ilipotoka asilimia 10.

Fanya hesabu hiyohiyo kinyumenyume uone ulikuwa unadai nini. Ili kasi iwe mara nne, nishati inabidi iwe mara kumi na sita, yaani kelvini 293 mara 16, ambazo ni zaidi ya nyuzi 4,400 za selsiasi. Tungsteni, metali inayoongoza zote kwa kuhimili moto, huyeyuka kwenye nyuzi 3,422. Kwenye joto hilo unalolitaka hakuna molekuli ya maji ambayo ingebaki nzima, seuze bika.

Kwa kuwa jotoridi linasawazisha nishati na halisawazishi kasi, vitu viwili vilivyo kwenye jotoridi moja vinaweza kuwa na chembe zenye kasi tofauti kabisa. Hewa ya nyuzi 27 ina molekuli za oksijeni zinazokwenda karibu mita 480 kwa sekunde. Ukichanganya humo hidrojeni kidogo, molekuli zake zitakwenda zaidi ya mita 1,900, mara nne ya oksijeni, maana tungamo lake ni sehemu moja ya kumi na sita. Jambo hili linakuhusu moja kwa moja, kwa sababu ile zambarau mliyoitazama ni ioni za pamanganeti, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, na kila ioni ina uzito wa karibu molekuli saba za maji. Katika bika ya baridi ioni hizo zilikuwa na kasi ya kama mita 250 kwa sekunde.

Sasa tulia kidogo na namba hiyo. Mita 250 kwa sekunde ni karibu kilomita 900 kwa saa, mwendo wa ndege kubwa ya abiria ikiwa angani. Bika ina kipenyo cha sentimita saba au nane. Ioni yenye kasi hiyo ingeuvuka upana wote huo chini ya nusu ya sehemu ya elfu ya sekunde. Mbona basi rangi ya bika ya baridi ilichelewa kiasi kile?

Hujachelewa kuuliza, mwanangu; swali hilo lilikwisha kuwatoa jasho wakubwa. Mwaka 1857 Rudolf Clausius wa Ujerumani alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba molekuli za gesi zinakwenda mamia ya mita kwa sekunde. Mwaka uliofuata mwanasayansi wa hali ya hewa wa Uholanzi, Buys Ballot, akampinga kwa hoja nyepesi: kama ndivyo, kwa nini gesi yenye harufu ikifunguliwa pembe moja ya chumba huchukua muda mrefu hivyo kunuswa upande wa pili? Lilikuwa pingamizi la haki kabisa, na Clausius hakulipuuza. Alijibu mwaka huohuo wa 1858 kwamba molekuli zina kasi hiyo kweli, ila hazina nafasi ya kuitumia. Zinagongana.

Katika hewa ya kawaida molekuli hupata mwanya wa nanomita 70 hivi kati ya mgongano na mgongano, kama sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Inagongwa mara bilioni kadhaa kila sekunde, na kila ikigongwa inageuzwa uelekeo. Katika maji hali ni mbaya zaidi: molekuli zimebanana, na haziwezi kusogea hata upana wao wenyewe kabla ya kumgonga jirani. Mwendo wa aina hii una tabia moja ambayo ukiishika utaelewa nusu ya mambo ya usambaaji, yaani chembe kuenea zenyewe kwa mwendo wao bila kukorogwa. Umbali ambao chembe inakuwa imefika haukui sawasawa na muda, unakua kwa kipeuo cha pili cha muda. Kufika mbali mara mbili kunahitaji muda mara nne. Kufika mbali mara kumi, muda mara mia.

Sheria hiyo ilipata hesabu yake kamili mwaka 1905 mikononi mwa Albert Einstein, aliyekuwa akieleza kwa nini vumbi dogo sana lililo ndani ya maji halitulii likitazamwa kwa hadubini. Mtikisiko huo ulikuwa umechunguzwa na Robert Brown tangu mwaka 1827, akitazama vipunje vilivyotoka kwenye chavua. Kwanza alidhani ni dalili ya uhai. Kisha akajaribu unga wa vioo na wa mawe, mpaka kipande kilichotoka kwenye sanamu ya Sphinx ya Misri, na vyote vikatikisika vilevile, ikabidi aachane na habari ya uhai. Jean Perrin wa Ufaransa ndiye aliyeketi na hadubini akapima na kuthibitisha kwamba hesabu za Einstein zinakubali, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1926. Kabla ya hapo walikuwapo wanasayansi wa heshima waliosema atomu ni kifaa cha hesabu tu na huenda hazipo kabisa.

Rudi sasa kwenye bika yako ukiwa na sheria ile. Ioni za pamanganeti katika maji tulivu ya nyuzi 20 zinahitaji kama saa 10 kusambaa umbali wa sentimita moja. Umbali wa sentimita 10 ni mara kumi, kwa hiyo muda ni mara mia: saa 1,000, zaidi ya mwezi mzima. Umeona tatizo? Mlitazama kwa dakika chache, na katika dakika chache usambaaji halisi hausogezi rangi zaidi ya milimita moja hivi.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mliyoyaona haikuwa usambaaji. Ilikuwa msafara, yaani maji yenyewe yakitembea kwa mikondo na kubeba rangi mgongoni. Maji ya nyuzi 80 yaliyo ndani ya chumba cha kawaida hayakai kimya hata sekunde moja. Yanapoa juu na pembeni, yale yaliyopoa yanakuwa mazito yanazama, ya moto yanapanda, na bika nzima inajikoroga bila mtu kuigusa. Ongeza hapo kwamba pamanganeti huyeyuka kwa wingi na kwa haraka zaidi katika maji ya moto, hivyo rangi ya kubebwa nayo ilikuwa nyingi zaidi tangu mwanzo. Hata bika ya baridi haikuwa safi: maji yaliyokolea pamanganeti ni mazito kuliko maji matupu, kwa hiyo yalitambaa chini ya bika kwa uzito wake.

Mimi huwa nasema wazi kwamba jaribio hili, kwa namna linavyofanywa mashuleni, si ushahidi wa linachodaiwa kushuhudia. Linapendeza, rangi inavutia, na hitimisho linakuwa sahihi kwa bahati, lakini mwanafunzi mwenye akili anayepiga hesabu kama ulivyopiga wewe anaishia kupotea. Mwishoni nitakupa namna ya kulifanya bila mikondo.

Hebu lakini tuchukulie kwamba mikondo imezuiwa na maji yametulia tuli. Je, usambaaji wa kweli kwenye nyuzi 80 unazidi ule wa nyuzi 20 kwa asilimia 10 tu? La, unauzidi karibu mara tatu na nusu. Kasi imeongezeka kwa sehemu moja ya kumi, usambaaji umeongezeka zaidi ya mara tatu. Ningekuwa mtahini ningetunga swali hapo.

Sababu ni mnato, yaani ukinzani wa kimiminika au gesi dhidi ya kutiririka. Ndani ya kimiminika kila molekuli imezungukwa na majirani walioishika kwa kani za mvutano, na katika maji kani hizo ni kali kuliko kawaida ya molekuli ndogo namna ile. Muda wake mwingi molekuli inatikisika ndani ya kizuizi hicho, mbele, nyuma, bila kwenda popote. Ili isogee kweli, inabidi yenyewe na majirani wapate kwa pamoja mtikisiko wenye nguvu kupita wastani, mvutano ulegee, upenyo ufunguke, ichomoke iingie kizuizi kingine. Kinachoamua rangi inasambaa upesi kiasi gani ni mara ngapi kwa sekunde nafasi hiyo inatokea, na nafasi hiyo inaongezeka upesi sana jotoridi likipanda. Mnato wa maji kwenye nyuzi 20 ni milipaskali-sekunde 1.00; kwenye nyuzi 80 ni 0.35. Maji ya moto ni mepesi kutiririka karibu mara tatu ya maji ya baridi. Zidisha hilo kwa ile 1.2 ya kelvini, unapata 3.4.

Tazama gesi sasa, maana huko mambo ni kinyume. Hewa ikipata joto, mnato wake unapanda: kutoka nyuzi 20 hadi 100 unaongezeka kwa karibu sehemu moja ya tano. Katika gesi hakuna jirani aliyemshika mwenzake, kwa hiyo hakuna cha kulegea. Kinacholeta mnato ni molekuli zenyewe kuruka kutoka tabaka moja la hewa kwenda jingine zikibeba mwendo wao, na zikienda kasi zinabeba zaidi. Joto lilelile, kasi imepanda katika vyote viwili, na matokeo yamepishana kwa sababu maada zimepangika tofauti. Wanaokariri kwamba "joto hupunguza mnato" hukwama hapa.

Sasa nikuongezee jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote katika mada hii. Acha bika zako mbili wazi, halafu linganisha kanieneo ya mvuke (msukumo wake) inayoweza kusimama juu ya kila moja. Juu ya maji ya nyuzi 20 ni kilopaskali 2.3. Juu ya maji ya nyuzi 80 ni kilopaskali 47. Hiyo ni mara ishirini! Bika zilezile, nyuzi zilezile 60 za tofauti: kasi imepanda asilimia 10, usambaaji mara tatu na nusu, mvuke mara ishirini.

Ufunguo ni kwamba ile mita 640 ni wastani, na wastani huficha mengi. Ndani ya bika wakati wowote kuna molekuli zilizokaribia kusimama na kuna zinazokwenda mara mbili ya wenzao, na hakuna hata moja inayodumu na kasi yake, kwa sababu kila mgongano unagawa upya. James Clerk Maxwell wa Uskoti alionyesha mwaka 1860 jinsi kasi hizo zinavyogawanyika: wengi katikati, wachache pembeni, na upande wa kasi kubwa idadi inashuka kwa ukali sana kadiri unavyosonga mbele. Mwaka 1920 Otto Stern alizipima kasi za atomu za fedha zilizokuwa zikipita kwenye ombwe, na kipimo chake kikaelekea kulekule kulikotabiriwa.

Molekuli ya maji haiwezi kutoka majini na kuwa mvuke kwa kasi ya wastani. Kuchomoka kabisa kutoka kwenye mvutano wa majirani wote kunahitaji nishati inayozidi mara kumi ya wastani wa nishati mwendo ya nyuzi 20. Waliofika hapo ni wachache mno. Ukipandisha wastani kwa sehemu moja ya tano, wale wa katikati hawabadiliki kiasi cha kusemwa, lakini idadi ya waliovuka ule mpaka wa mbali inazidishwa mara nyingi. Kadiri mpaka ulivyo mbali, ndivyo ongezeko dogo la joto linavyozidisha wanaouvuka. Usambaaji ulikuwa na mpaka wa karibu, kulegeza majirani wachache tu, ndiyo maana ulipata mara tatu na nusu. Mvuke una mpaka wa mbali, ukapata mara ishirini.

Hilo ndilo linaloeleza kemia nzima ya joto. Svante Arrhenius wa Uswidi alilipa sura ya kanuni mwaka 1889: ili molekuli mbili zibadilike kuwa kitu kipya, hazina budi kugongana zikiwa na nishati iliyovuka kiwango fulani. Ndiyo sababu tendo la kikemia mara nyingi huongezeka mwendo mara mbili kwa nyuzi 10 tu, ilhali migongano yenyewe kwa nyuzi hizo haiongezeki hata kwa asilimia mbili katika gesi iliyofungiwa. Mtu akikuambia tendo limekwenda upesi "kwa sababu chembe zinagongana mara nyingi zaidi", amekupa sehemu ndogo kabisa ya sababu.

Nipite haraka kwenye mambo mawili ambayo huenda ukaulizwa.

La kwanza ni kuchemka. Kilo moja ya maji inahitaji kilojuli 419 kutoka nyuzi 0 hadi 100. Kuigeuza yote kuwa mvuke hapo kwenye 100 kunataka kilojuli 2,257 nyingine, zaidi ya mara tano, na muda wote huo kipimajoto hakisogei. Joto hilo halikuongeza kasi ya chembe hata kidogo. Molekuli za mvuke wa nyuzi 100 na molekuli za maji ya nyuzi 100 zina wastani uleule wa nishati mwendo. Nishati yote ilitumika kuzitenganisha, na imehifadhiwa kama nishati tuli. Mvuke ukigusa ngozi ukarudi kuwa maji, inatoka yote kwa mkupuo, na hapo ndipo mvuke unapounguza kuliko maji yanayochemka. Kwa hiyo usiandike kwamba kila joto linaloingia huongeza mwendo.

La pili ni kutanuka. Vitu vingi hutanuka vikipata joto, na wanafunzi huandika kwamba chembe zikitikisika zaidi ni lazima zisukumane mbali. Maji yanakanusha: kutoka nyuzi 0 hadi 4 yanasinyaa huku chembe zake zikiongeza kasi. Katika mango nyingi kutanuka kunatokea kwa sababu chembe mbili jirani zinapata shida zaidi kusogeleana kuliko kuachana, hivyo zikitikisika sana wastani wa umbali wao unahamia nje. Ni tabia ya kani zilizo kati yao. Kani zikiwa na mpangilio mwingine, kama zile za maji ya baridi, matokeo yanakuwa mengine.

Sasa sifuri yako. Kwenye sifuri ya selsiasi hakuna kinachosimama. Molekuli ya barafu ya nyuzi 0 inatikisika mahali pake kwa kasi inayozidi mita 600 kwa sekunde, sawa na molekuli ya maji ya nyuzi 0 iliyo pembeni yake. Kuganda ni kupoteza uhuru wa kuhama, mwendo wenyewe unabaki.

Kwenye sifuri ya kelvini jibu linahitaji uangalifu. Kwanza, hakuna aliyewahi kufika wala atakayefika. Unaweza kuikaribia tu, na kila hatua inakuwa ngumu kuliko iliyotangulia. Pili, hata kule karibu kabisa mwendo hauishi wote, kwa sababu fizikia ya kwantamu haiiruhusu chembe itulie mahali pamoja isitikisike. Ushahidi wake ni heli. Heike Kamerlingh Onnes aliigeuza kuwa kimiminika mwaka 1908 huko Leiden, kwenye kelvini 4.2, lakini heli hiyo ukizidi kuipoza kwa kanieneo ya kawaida haigandi hata ushuke vipi. Atomu zake ni nyepesi, mvutano wao ni dhaifu, na ule mtikisiko uliobaki unatosha kuzizuia zisijipange. Ili igande ni lazima uikandamize kwa kanieneo ya karibu mara 25 ya ile ya angahewa.

Na sasa jaribio lenu, lifanywe upya. Shida ilikuwa mikondo, kwa hiyo tumia maji yasiyoweza kutiririka: agari, unga wa mwani unaoganda kama jeli. Chemsha gramu moja ya agari katika mililita 100 za maji mpaka iyeyuke yote, mimina katika neli mbili zinazolingana hadi nusu, acha igande. Ndani ya agari maji yamenaswa kwenye wavu mwembamba. Hayawezi kufanya mkondo, lakini chembe ndogo zinapenya karibu kama kawaida. Msitumie pamanganeti hapa, kwa sababu inaishambulia agari yenyewe na kugeuka kahawia. Rangi ya chakula inafaa. Msitumie jelatini pia, maana inayeyuka kwenye joto dogo.

Weka neli moja katika jokofu la nyuzi 5 na nyingine katika maji yanayoshikiliwa kwenye nyuzi 40. Zikishafikia jotoridi lake, ndipo umimine rangi kiasi kilekile juu ya agari, uzibe, na upime kesho yake saa ileile rangi imeshuka milimita ngapi katika kila neli. Kati ya nyuzi 5 na 40 kasi ya chembe inaongezeka kwa asilimia 6 pekee, mnato wa maji unashuka mara 2.3, na usambaaji unaongezeka mara 2.6. Lakini unachopima ni umbali, na umbali unafuata kipeuo cha pili, kwa hiyo tarajia neli ya joto iwe imeshuka karibu mara 1.6 ya ile ya jokofuni. Ukipata mara tatu au nne, kabla hujaandika lolote chunguza kama agari haijaachana na ukuta wa kioo, maana rangi hupenda kuteremkia hapo.